Vidonge vya Meza ya Dirishani
Sehemu ya tisa

Haya, vuteni viti. Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii akinilaumu kwamba nilikata hadithi makusudi palipokuwa patamu. Ndiyo, ndugu yangu, nilikata makusudi. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Na wewe uliyekosa gazeti, usihangaike, nakudokezea. Kuna makao ya wazee. Ndani yake kuna Bibi Redio, mama aliyekuwa akiongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zinapozimwa. Siku hizi analala mchana kutwa. Binti yake kaandika barua ya malalamiko: mama analishwa dawa za kumlegeza ili asisumbue watu. Mkaguzi wa usalama wa dawa katumwa kuchunguza.

Meneja wa makao keshampata wa kumtwisha kosa. Ni Sista, muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwaka wa kumi na moja kazini. Barua ya kumfukuza imeshachapwa, inasubiri ripoti ya Mkaguzi tu. Na ripoti inatakiwa ofisini saa sita kamili mchana, leo hii.

Tulimwacha Mkaguzi kwenye ukumbi wa chakula, saa nne na robo. Kapiga magoti mbele ya kiti cha Bibi Redio, anamfungua vidole kimoja kimoja. Bibi anakoroma. Katikati ya kiganja kuna kidonge cha njano chenye mstari.

"Usingizi umemuwahi kabla hajakimeza," Mkaguzi alisema.

Meneja akapiga makofi, kofi moja tu, kubwa.

"Si nilikwambia? Ushahidi huo hapo! Dada yangu, andika ripoti yako, mimi nitie saini barua yangu, twende tukale."

"Ngoja kwanza. Sista, hiki ni cha Bibi?"

Sista akakisogelea.

"Hapana. Bibi ana kidonge kimoja tu kwa siku, cheupe, kidogo. Hiki ni cha maumivu makali. Kinalegeza mwili na kinaleta usingizi. Humu ndani anayekitumia ni mtu mmoja."

"Nani?"

"Mwenyekiti. Kwa ajili ya goti lake."

"Umemchanganyia!" Meneja akadakia. "Umempa bibi wa watu dawa ya mwanamume mzima!"

"Sikuchanganya!" Sista naye akapandisha sauti, na si kawaida yake. "Nilikiweka kwenye kikombe chake Mwenyekiti, mbele yake. Nikamwona akimeza. Nikamwambia afungue mdomo, nikatazama mpaka chini ya ulimi. Naapa."

Mkaguzi alikuna kichwa kwa kalamu. Kabati la dawa alishalihesabu mara tatu, mnakumbuka, ile siku aliyokataa hata chai. Hakikupungua kidonge, hakikuzidi kidonge. Kila kilichotoka kabatini kilimezwa, na kila kilichomezwa kilitiwa saini. Karatasi za Sista zilikuwa safi kupita kiasi. Sasa kidonge cha Mwenyekiti kimefikaje mkononi mwa Bibi?

Akaenda kumuuliza mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa amekaa palepale meza ya dirishani, viti vitatu tu kutoka kwa Bibi, mguu kauweka juu ya stuli. Miaka ishirini na sita aliongoza chama cha ushirika, na mpaka leo hakai kitini bila kwanza kutazama kama wengine wamepata viti. Alikuwa kachana nywele vizuri, lakini uso umekunjamana kwa maumivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa ofisini. Karibu mezani."

"Goti linasemaje?"

"Linawaka moto. Wiki tatu sasa."

"Na dawa unameza?"

"Kila siku ya Mungu. Muulize Sista."

"Ni kweli," Sista akasema. "Ndiyo maana nilimwita daktari. Wiki iliyopita akambadilishia, akampa hiki cha njano, nguvu yake mara mbili ya kile cha zamani."

Mkaguzi akasimama wima. Wiki tatu goti limezidi. Wiki tatu Bibi analala. Wiki iliyopita dawa ikaongezwa nguvu, na wiki hiyohiyo Bibi akalala kijiko kikiwa mdomoni mbele ya binti yake, na binti akaenda nyumbani kuandika barua. Jamani! Goti la mtu mmoja linatibiwa kwenye mwili wa mwingine.

"Baba," alisema polepole, "leo asubuhi ulimeza kidonge gani?"

"Nilichogawiwa."

"Na Sista?"

"Hapana. Na kikao."

Nasikia mnavyoguna huko. Hata Mkaguzi aliguna.

"Kikao gani, baba?"

"Kikao cha meza." Mwenyekiti akajiweka sawa, akakohoa kidogo kama mtu anayefungua mkutano. "Binti, nilipoletwa hapa nilikuta uonevu mkubwa. Huyu bwana wa kona anapewa vidonge vitano kila asubuhi. Fundi cherehani vinne. Mimi vitatu, wale ndugu wawili pale vitatu na viwili. Na Bibi, mama mtu mzima, mstaarabu, kimoja! Kimoja tu, tena kidogo, ukipiga chafya umekipoteza. Alilia, binti. Akaniuliza, 'Mwenyekiti, mimi nimemkosea nini Sista?' Sasa nikae kimya?"

Sista akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yesu na Maria. Walidhani nawapendelea."

"Wiki tatu zilizopita tukaitisha kikao," Mwenyekiti akaendelea, hana habari. "Watu sita, wote tulihudhuria, akidi ilitimia. Vidonge vya meza jumla kumi na nane. Tukaazimia vigawanywe sawa, kila mtu vitatu. Hakuna aliyepinga. Bwana wa kona alinung'unika kidogo, lakini akaridhia."

"Niliridhia kwa shingo upande," bwana wa kona akasema.

Mkaguzi akamgeukia Sista. "Na wewe ulikuwa wapi wakati wanagawana?"

Sista akaeleza, na mimi naeleza kama alivyoeleza, kwa sababu mambo yote yamelala hapa. Zamani wazee walikuwa wanakataa dawa. Wanazificha shavuni, wanazitema kwenye vyungu vya maua kule koridoni, mpaka maua yakawa yanatumia dawa kuliko wagonjwa. Ndipo Mwenyekiti akaleta wazo: hakuna mtu kumeza peke yake. Sista aweke vikombe vya dawa meza zote nne, akimaliza Mwenyekiti agonge kijiko kwenye glasi, ukumbi mzima umeze kwa pamoja, Sista anaangalia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekataa dawa. Wazee wakawa wanaingojea ile saa kwa hamu.

"Nawawekea hawa wa dirishani kwanza," Sista alisema. "Naenda meza ya pili, ya tatu, ya nne. Narudi. Anagonga. Wanameza mbele ya macho yangu. Leo nilimwona Bibi kapeleka mkono mdomoni, nikadhani kameza."

"Na unapokuwa meza nyingine?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa fahari kabisa.

"Ndipo kikao kinapokaa."

Mkaguzi ni mama mpole, mnamjua toka sehemu ya kwanza. Lakini hapo uzalendo ulimshinda.

"Baba! Dawa si viazi vya kugawana! Wa presha anakunywa ya goti, wa goti anakunywa ya presha, mngeweza kuuana hapa mezani mkipongezana! Mwenye vidonge vingi si kwamba anapendwa. Anaumwa! Mwenye kimoja ndiye mzima!"

Vijiko vikatulia.

Bwana wa kona akainua mkono. "Kwa hiyo mimi mwenye vitano..."

"Wewe ndiye mgonjwa kuliko wote, baba."

"Ala! Na mimi nilikuwa natamba."

Fundi cherehani akaanza kucheka, akazibwa mdomo na jirani yake. Lakini Mwenyekiti hakucheka.

"Nimemdhuru Bibi?" aliuliza. "Niambie ukweli, binti. Nimemdhuru?"

Mkaguzi alikuwa ameshampigia daktari tangu alipomaliza kugomba. Daktari alifika baada ya nusu saa, na jasho lake, akawapima wote sita, mmoja baada ya mwingine, presha, sukari, mapigo ya moyo. Bwana wa kona alikutwa na presha juu, akapewa dawa yake na akaambiwa apumzike chini ya uangalizi. Fundi cherehani kumbe kizunguzungu chake cha wiki tatu kilikuwa cha kupewa. Kwa Bibi, daktari alisema usingizi utamtoka wenyewe, kwa sababu cha leo hakikushuka. Meza nzima ina bahati, alisema, na akarudia neno bahati mara mbili akimtazama Mwenyekiti.

Saa tano na nusu. Mkaguzi akaomba kuona kumbukumbu za kikao. Mnadhani mwenyekiti wa ushirika anaweza kuendesha kikao bila muhtasari? Daftari likatoka chini ya mto wa kiti. Tarehe, waliohudhuria, ajenda, maazimio. Nani kameza nini, asubuhi gani, rangi gani. Daktari alizipiga picha kurasa za vidonge. Alisema hospitali kubwa hazina rekodi safi namna hiyo.

"Kuna kitu sikielewi," Mkaguzi alisema, anapekua. "Vidonge vingine vyote mnazungushiana, leo huyu, kesho yule. Lakini hiki cha maumivu, siku zote ni cha Bibi. Kwa nini?"

Mwenyekiti akatazama dirishani.

"Azimio namba tatu," alijibu kwa sauti ndogo.

"Azimio namba tatu halina sababu. Limeandikwa tu, 'Mwenyekiti amejitolea.'"

"Basi nimejitolea."

"Baba."

"Ndicho kizuri kuliko vyote, binti!" Mzee wa watu alilipuka. "Nikikimeza, goti linanyamaza. Nalala, naamka, naona dunia ina nafuu. Sina kingine kizuri cha kumpa mtu humu ndani. Nikaona yeye apate."

Wasomaji, mimi nimeandika visa vingi vya mapenzi kwenye gazeti hili, lakini hiki kinanichekesha na kunitoa machozi kwa pamoja. Mtu kajinyima dawa, kavumilia goti linalowaka wiki tatu, ili ampe mama anayempenda kitu kizuri. Na tangu ampe, mama huyo hajawahi kuwa macho akasema hata asante!

"Nani anajitolea nini?"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha nyuma. Wote waligeuka. Bibi Redio alikuwa amefungua jicho moja. Akafungua na la pili.

"Mwenyekiti, nimekusikia. Goti linakuua, halafu dawa yako unanipa mimi? Una akili timamu wewe? Mwanamume mzima! Ndiyo maana nilikuwa naota nimekaa kwenye boti la pamba. Na mbona hujanyoa? Na huyu mama aliyevaa kitambulisho ni nani, ameshapewa chai? Na Sista analia nini? Nani amemliza Sista wangu?"

Hakunyamaza tena. Redio imerudi hewani! Sista alimkumbatia huku analia na kucheka, na bwana wa kona akaomba apewe pamba ya masikioni.

Meneja alikuwa amesimama pembeni anatazama saa.

"Vizuri sana, tumefurahi," alisema. "Lakini kosa ni kosa. Aliacha vikombe akaondoka. Saa sita kasoro ishirini, dada yangu. Andika jina la Sista, tumalize."

"Nimebakiza ukurasa mmoja," Mkaguzi akasema.

Akafunua ukurasa wa mwisho wa kikao cha kwanza. Akausoma. Akausoma tena. Kisha akamgeuzia Meneja daftari.

"Hii sahihi ni ya nani?"

Chini ya maazimio, kwa wino wa bluu: *Nakala kwa Meneja kwa idhini.* Na chini yake muhuri wa makao, mkubwa, umekaa sawasawa, sahihi, na maneno mawili: *Imeidhinishwa. Endeleeni.*

Rangi zote zilimtoka Meneja.

"Hawa wazee wanaleta makaratasi kila siku! Mara mito, mara pazia, mara redio ya ukumbi. Nitasoma yote?"

"Hili ulilisoma?"

"Si... niliona limeandikwa vizuri."

"Asante," Mwenyekiti akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wa meza ya nne, ambao hawakuelewa kitu, walicheka. Meneja akatoka akibamiza mlango, na Sista akashusha pumzi aliyoibana tangu Jumatatu.

Mngedhani nimemaliza. Subirini.

Dakika tano baadaye Meneja alirudi. Safari hii alikuwa anatabasamu, na mkononi ana faili jekundu. Alikaa mbele ya Mkaguzi, akalifungua taratibu, mtu asiye na haraka tena.

"Ripoti ya ukaguzi ya mwaka jana," alisema. "Kutoka ofisi yenu. Nisome?"

Hakusubiri jibu.

"'Wazee wa makao haya humeza dawa kwa pamoja baada ya vikombe kugawiwa meza zote. Utaratibu huu ni mzuri na unafaa kuigwa na makao mengine.' Sasa nami nikuulize, dada yangu. Hii sahihi ni ya nani?"

Mkaguzi alitazama. Ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu aliijua vizuri, alifundishwa na mama yake mwenyewe kuiandika. Alikumbuka siku ile. Ilikuwa makao ya tatu kwa siku hiyo, mvua ilikuwa inakuja, na alikaa ukumbini dakika kumi. Alisikia kijiko kikigonga glasi, akaona wazee wanavyofurahi, akaandika alichokiona. Kilichofanyika kabla ya kijiko kugongwa hakukiuliza.

"Kwa hiyo tuelewane," Meneja akasema, sasa kwa sauti ya kindugu kabisa. "Mimi niligonga muhuri, wewe ulisifia. Sote wawili tuna familia. Ukiandika jina la Sista, daftari hili linapotea, faili hili linarudi kabatini, na kesho hakuna anayekumbuka. Mtu mmoja tu anaumia."

Sista akasogea mezani. Alikuwa amejifuta machozi.

"Mama, andika mimi," alisema. "Kanuni inasema nisimame na kila mtu mpaka ameze ndipo nihamie kwa mwingine. Naijua kanuni. Niliiacha kwa sababu walikuwa wanafurahi, na kwa sababu nilikuwa nachoka. Nikifukuzwa kwa kosa hili hakuna atakayenipa hata kidonda nikifunge, na watoto wangu wawili wananitegemea mimi peke yangu. Naogopa, sikufichi. Lakini sitaki wewe udanganye kwa ajili yangu."

"Umesikia?" Meneja akasema. "Mwenyewe kakubali."

"Andika mimi!" Mwenyekiti akanguruma kutoka dirishani, anahangaika kusimama na goti lake. "Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Kaa chini wewe, utaanguka," Bibi Redio akamwambia, na akakaa.

Saa sita kasoro dakika tano. Mkaguzi alifungua fomu ya ripoti kwenye simu yake, ukurasa wa mwisho. *Aliyeruhusu utaratibu uliosababisha kosa.* Mstari wa kwanza mtupu. Meneja akazunguka meza, akainama nyuma ya bega lake apate kuona vizuri.

Mkaguzi aliandika majina yote matatu, la kwake, la baba na la babu.

Meneja alikodoa macho.

"Dada! Hilo ni jina lako!"

"Nalijua."

"Utafukuzwa wewe!"

"Inawezekana." Aliendelea kuandika. Mstari wa pili aliandika jina la Meneja, akaambatanisha picha ya muhuri. Mstari wa tatu aliandika jina la Sista, na mbele yake akaongeza: *alifuata utaratibu ambao sisi wawili tuliupitisha bila kuuchunguza. Abaki kazini.*

"Mama, usitume," Sista alinong'ona.

Alituma. Saa sita kasoro dakika moja.

Meneja alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha bwana wa kona, na bwana wa kona hakumfukuza. Sista alimshika Mkaguzi mkono, wakabaki wameshikana hivyohivyo, wanawake wawili ambao kila mmoja alikuwa tayari kupoteza kazi kwa ajili ya mwenzake.

Simu ikaita. Mkurugenzi wa ukaguzi, yule ambaye tangu sehemu ya kwanza hajawahi kumpigia Mkaguzi hata kumpongeza. Mkaguzi akaweka spika ili wote wasikie.

"Nimeisoma ripoti yako," sauti ilisema. "Yote. Usiondoke hapo. Na huyo muuguzi asitoe mguu nje ya geti. Niko njiani nakuja mwenyewe, na siji peke yangu."